Usanidi wa ruta ya nyumbani yenye anwani kadhaa za IP za kudumu

Usanidi wa ruta ya nyumbani yenye anwani kadhaa za IP za kudumu ni kazi ya kupanga ruta ya nyumba au ofisi ndogo ili itumie kwa wakati mmoja anwani mbili au zaidi za umma zisizobadilika. Kwa kawaida mtoa huduma wa intaneti huipa nyumba moja anwani moja tu, mara nyingi inayobadilika, na ruta nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa kuzingatia hali hiyo. Anwani zikiwa kadhaa, mambo matatu hupangwa kwa mkono: namna anwani zinavyoifikia ruta, kifaa gani cha ndani kinahusishwa na anwani ipi, na huduma zipi zinaachwa wazi kwa watu wa nje.

Jambo la kwanza likikosewa, anwani za ziada hazifanyi kazi kabisa. La pili likikosewa, hufanya kazi nusunusu. La tatu likikosewa, kila kitu huonekana kwenda vizuri huku kompyuta na kamera za nyumbani zikiwa wazi kwa dunia nzima.

Anwani za umma na anwani za ndani

Kila kifaa kinachowasiliana kupitia intaneti hutambulishwa kwa anwani ya IP. Katika toleo la nne la itifaki hiyo, yaani IPv4, lililoelezwa katika hati RFC 791 ya Septemba 1981, anwani ni namba ya biti 32. Huandikwa kama namba nne kati ya 0 na 255 zinazotenganishwa kwa nukta, kwa mfano 203.0.113.10. Jumla ya anwani zinazowezekana ni 4,294,967,296, idadi iliyo ndogo kuliko ile ya watu duniani.

Hati RFC 1918 ya Februari 1996 ilitenga masafa matatu ya anwani za ndani, ambayo mtu yeyote anaweza kuyatumia bila kuomba kibali:

- 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255
- 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255
- 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255

Anwani hizo hazipitishwi kwenye intaneti ya umma. Simu, kompyuta na televisheni za nyumbani huwa nazo, na ruta huzibadilisha kuwa anwani ya umma kila pakiti ya data inapotoka, kisha hurudisha jibu kwa kifaa husika. Kazi hiyo huitwa tafsiri ya anwani za mtandao, kwa kifupi NAT, na ilielezwa katika hati RFC 1631 ya Mei 1994.

NAT inafanana na sanduku la posta la shule. Wanafunzi mia tano hutumia S.L.P. moja, na karani wa ofisi ndiye anayejua barua ipi ni ya nani. Mwanafunzi akiandika barua, karani huweka kumbukumbu, na jibu likija humfikia. Barua ya mgeni isiyotaja jina la mwanafunzi hubaki mezani kwa karani. Vivyo hivyo, pakiti inayoingia bila kuombwa na kifaa chochote cha ndani haina pa kupelekwa, na ruta huitupa. Kupata anwani kadhaa za umma ni sawa na shule hiyo kukodi masanduku mengine, moja la mkuu wa shule na jingine la mhasibu. Karani sharti aelezwe upya: barua za sanduku hili ziende kwa nani, na barua za mhasibu zitoke kwa sanduku lipi.

Anwani ya kudumu ni ile ambayo mtoa huduma ameahidi kutoibadilisha. Inahitajika pale ambapo watu wa nje wanapaswa kukipata kifaa cha ndani wakati wowote, kwa mfano seva ya wavuti ambayo jina lake limeandikishwa kwenye mfumo wa majina ya intaneti, yaani DNS.

Uhaba wa anwani

Tarehe 3 Februari 2011 mamlaka ya dunia ya ugawaji wa anwani, IANA, iligawa mafungu yake ya mwisho ya IPv4 kwa asasi tano za kikanda. Nchi za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zinahudumiwa na AFRINIC yenye makao yake nchini Mauritius. Tangu tarehe 13 Januari 2020 AFRINIC imo katika awamu ya pili ya kubana ugawaji, ambapo mwanachama hawezi kupewa zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Oman iko chini ya RIPE NCC ya Amsterdam, ambayo ilitangaza kuishiwa anwani tarehe 25 Novemba 2019.

Kwa sababu hiyo anwani za kudumu hutozwa ada, na watoa huduma wengi huwaweka wateja wao nyuma ya NAT kubwa ya kampuni. Wateja hao mara nyingi hupewa anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, masafa yaliyotengwa kwa kazi hiyo katika hati RFC 6598 ya Aprili 2012. Mteja anayeona anwani ya namna hiyo upande wa nje wa ruta yake hana anwani ya umma iliyo yake, na hakuna usanidi wa ruta utakaomsaidia kufikiwa moja kwa moja kutoka nje. Dawa ni kuomba anwani ya kudumu kwa mtoa huduma.

Matumizi

Anwani nyingi hazihitajiki kila mara. Seva moja ya wavuti inaweza kuhudumia tovuti nyingi kwa anwani moja, kwa kuwa kivinjari hutaja jina la tovuti kinapoomba ukurasa. Hata seva mbili tofauti zinaweza kushiriki anwani moja ikiwa kila moja inatumia namba yake ya mlango. Mlango hapa ni namba kati ya 0 na 65535 inayotambulisha huduma ndani ya anwani: 443 ni ya tovuti salama, 25 ni ya kupokea barua pepe kutoka seva nyingine.

Anwani zaidi ya moja zina faida ya kweli katika hali hizi:

- Huduma mbili zinataka mlango uleule, kwa mfano seva mbili za barua pepe, ambazo zote sharti zipokee kwenye mlango 25.
- Seva ya barua pepe inahitaji kutenganishwa na kompyuta za nyumbani. Kompyuta moja ikipata kirusi na kuanza kutuma barua taka, anwani yake huingizwa kwenye orodha za kuzuiwa. Kama seva inatumia anwani hiyohiyo, barua zake halali nazo hukataliwa.
- Mshirika wa kazi, kama benki au kampuni, anaruhusu mawasiliano kutoka anwani maalumu tu.
- Nyumba moja ina ofisi au wapangaji ambao mitandao yao inapaswa kutenganishwa.

Fungu la anwani

Anwani za kudumu huuzwa kwa mafungu. Ukubwa wa fungu huonyeshwa kwa mkwaju na namba, au kwa maski ya mtandao. Katika fungu la kawaida, anwani ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia vifaa vyote, na moja huchukuliwa na lango la mtoa huduma, yaani ruta yake ambayo data zote za mteja hupitia. Zinazobaki ndizo za mteja:

- /30, maski 255.255.255.252: anwani 4, kwa mteja hubaki 1
- /29, maski 255.255.255.248: anwani 8, kwa mteja hubaki 5
- /28, maski 255.255.255.240: anwani 16, kwa mteja hubaki 13

Ndiyo maana mteja aliyenunua fungu la anwani nane huona anapewa tano tu za kutumia.

Namna anwani zinavyoifikia ruta

Kabla ya kugusa ruta, ni lazima kujua ni ipi kati ya namna mbili anayoitumia mtoa huduma. Anayeijua kwa hakika ni mtoa huduma mwenyewe.

Ya kwanza ni fungu lililo kwenye kiungo. Hapa lango la mtoa huduma na anwani za mteja ziko katika mtandao mmoja. Pakiti ya 203.0.113.11 inapofika kwenye lango, lango huuliza kwa itifaki ya ARP: nani mwenye 203.0.113.11? Kifaa cha mteja kisipojibu, pakiti hutupwa palepale. Kwa hiyo ruta ya mteja lazima iandikiwe anwani zote za ziada upande wake wa nje, ili ijibu kwa niaba ya kila moja.

Ya pili ni fungu lililoelekezwa. Ruta ya mteja hupewa anwani moja ya kiungo, kwa mfano 198.51.100.2, na mtoa huduma huandika kwenye ruta yake kwamba fungu lote la 203.0.113.8/29 lipelekwe kwa 198.51.100.2. Hapa hakuna swali la ARP kuhusu fungu hilo: pakiti zote huletwa mlangoni kwa mteja. Mpango huu ni rahisi zaidi kuusimamia, na kama NAT inatumika, hata anwani ya kwanza na ya mwisho ya fungu zinaweza kutumika.

Kuchanganya namna hizi ni chanzo kikubwa cha kazi kukwama. Anayesanidi fungu la kwenye kiungo kana kwamba limeelekezwa ataona anwani ya kwanza inafanya kazi na nyingine zote ziko kimya.

Mbinu za usanidi

Hali ya daraja. Modemu ya mtoa huduma huachwa ipitishe data bila kufanya NAT, na swichi huunganishwa nyuma yake. Kila kifaa huandikiwa anwani yake ya umma moja kwa moja. Mbinu hii haihitaji ruta ya gharama, lakini kila kifaa hubaki kujilinda chenyewe.

NAT ya moja kwa moja. Anwani moja ya umma hufungwa na anwani moja ya ndani, kuingia na kutoka. Seva hubaki na anwani yake ya ndani, na ruta hubaki katikati ikichuja.

Kuelekeza milango kwa kila anwani. Milango iliyotajwa tu ya anwani fulani hupelekwa kwa kifaa fulani. Milango mingine hubaki imefungwa. Mbinu hii hutosha kwa nyumba nyingi.

Kuelekeza mtandao bila NAT. Fungu lililoelekezwa huwekwa kwenye tundu la pekee la ruta, na seva hupewa anwani za umma zenyewe, zikiwa nyuma ya ruta inayochuja.

Ruta nyingi za bei nafuu hukubali anwani moja tu upande wa nje. Kipengele kiitwacho DMZ kinachopatikana katika ruta hizo hakiongezi anwani. Hupeleka tu kila kinachoingia kwa kifaa kimoja. Kwa anwani kadhaa hutumika ruta za aina nyingine, kama zile za MikroTik kutoka Latvia, au programu huria kama OpenWrt na pfSense. OpenWrt ilianza mwaka 2004 ikiwa programu mbadala ya ruta ya Linksys WRT54G, na hadi leo inaweza kuwekwa katika ruta nyingi za kawaida za nyumbani.

Mfano wa usanidi

Mfano huu unahusu nyumba yenye ofisi ndogo iliyopewa fungu la kwenye kiungo 203.0.113.8/29. Lango la mtoa huduma ni 203.0.113.9. Mtandao wa ndani ni 192.168.10.0/24. Anwani za umma zinazoanza na 203.0.113 na 198.51.100 zimetengwa kwa ajili ya mifano katika maandishi na hazitumiki kwenye mtandao halisi.

Mgawanyo wa anwani ni huu:

- 203.0.113.10: ruta yenyewe na vifaa vyote vya kawaida vya nyumbani
- 203.0.113.11: seva ya wavuti, ndani 192.168.10.21, milango 80 na 443
- 203.0.113.12: seva ya barua pepe, ndani 192.168.10.22, milango 25, 587 na 993
- 203.0.113.13: VPN ya kuingilia nyumbani kutoka mbali, inayoishia kwenye ruta
- 203.0.113.14: akiba

Hatua hufuatana hivi:

1. Upande wa nje wa ruta huandikwa anwani 203.0.113.10, maski 255.255.255.248 na lango 203.0.113.9. Intaneti hujaribiwa kwanza kwa anwani hii moja.
2. Anwani 203.0.113.11, 203.0.113.12 na 203.0.113.13 huongezwa upande uleule wa nje kama anwani za ziada.
3. Seva hupewa anwani za ndani zisizobadilika, nje ya masafa ambayo ruta huyagawa yenyewe kwa DHCP. Kama DHCP hugawa kuanzia 192.168.10.100 hadi 192.168.10.199, basi 21 na 22 ziko salama.
4. Kanuni za kuingia huandikwa: kinachokuja kwa 203.0.113.11 kwenye milango 80 na 443 kibadilishwe kwenda 192.168.10.21, na vivyo hivyo kwa seva ya barua.
5. Kanuni za kutoka huandikwa: kinachoanzishwa na 192.168.10.22 kitoke kwa 203.0.113.12. Kanuni hizi hutangulia ile ya jumla inayovitoa vifaa vyote kwa 203.0.113.10.
6. Ukuta wa moto, yaani kanuni za kuchuja pakiti, hupangwa ukatae kila kinachoingia isipokuwa kilichotajwa.

Hatua ya tano ndiyo husahaulika zaidi. Jibu la mgeni aliyeingia kwa 203.0.113.12 hurudi kwa anwani hiyohiyo bila kuandikiwa kanuni, kwa kuwa ruta hukumbuka muunganisho ulioanzia nje. Lakini seva inapoanzisha yenyewe safari ya kupeleka barua, ruta isiyoelekezwa huitoa kwa 203.0.113.10. Seva inayopokea huuliza DNS jina la anwani hiyo, hukuta halilingani na jina la seva ya barua, na barua huweza kukataliwa au kutupwa kwenye barua taka. Rekodi ya kulinganisha anwani na jina, iitwayo PTR, kwa kawaida huwekwa na mtoa huduma kwa ombi la mteja.

Usalama

NAT ya kawaida haikubuniwa kuwa ulinzi, lakini nyumba nyingi zimelindwa nayo bila kujua, kwa sababu ruta hutupa pakiti zisizoombwa. Kifaa kikipewa anwani ya umma, au NAT ya moja kwa moja isiyo na uchujaji, kinga hiyo huondoka siku hiyohiyo.

Hatari hiyo ilionekana wazi mwaka 2016. Programu hasidi iitwayo Mirai ilitafuta kwenye intaneti kamera, mashine za kurekodi video na ruta za nyumbani zilizo wazi, ikajaribu takriban jozi 60 za majina na nywila za kiwandani, na kuviteka vifaa vilivyokubali. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa vilivyotekwa vilitumika kuishambulia kampuni ya DNS ya Dyn nchini Marekani, na tovuti nyingi maarufu hazikupatikana kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wameacha milango wazi na nywila za kiwandani.

Tahadhari za msingi ni hizi:

- Kamera, printa na diski za mtandao zisipewe anwani ya umma. Anayetaka kuziona akiwa mbali aingie kwa VPN.
- Ukurasa wa kusanidi ruta usifikike kutoka nje kwa anwani yoyote ile, zikiwemo za ziada.
- Seva zinazofikiwa na umma ziwekwe katika mtandao wa pekee usioweza kuanzisha mawasiliano na kompyuta za familia, ili seva ikitekwa, madhara yaishie hapo.
- Nywila za kiwandani zibadilishwe, na programu za ruta na seva zisasishwe.
- Anwani ya akiba isiachwe na kanuni yoyote ya kuingia.

Katika Linux, ambayo ndiyo msingi wa OpenWrt na wa ruta za MikroTik, uchujaji wa pakiti zinazopitishwa kwenda ndani hufanyika baada ya anwani ya kufikia kubadilishwa. Kwa hiyo kanuni ya ukuta wa moto huandikwa kwa anwani ya ndani ya seva. Inayoandikwa kwa anwani ya umma hailingani na kitu.

Makosa ya kawaida

NAT mara mbili. Modemu ya mtoa huduma huendelea kufanya NAT, na ruta ya mteja hufanya tena. Dalili yake ni ruta kupata anwani ya ndani, kama 192.168.1.2, upande wake wa nje.

Kumbukumbu ya zamani ya ARP. Anwani ikihamishwa kutoka kifaa kimoja kwenda kingine, lango la mtoa huduma huendelea kukumbuka kifaa cha zamani kwa muda. Usanidi unaweza kuwa sahihi na bado usifanye kazi hadi kumbukumbu hiyo ifutike.

Tovuti kufunguka nje na kukataa ndani. Kompyuta ya nyumbani huita 203.0.113.11, ruta huigeuza kwenda 192.168.10.21, lakini seva hujibu moja kwa moja kwa kuwa zote ziko mtandao mmoja. Kompyuta hupata jibu kutoka anwani ambayo haikuiita, na hulikataa. Suluhisho ni ruta kubadilisha pia anwani ya mtumaji, au DNS ya ndani kutoa anwani ya ndani kwa jina la tovuti.

Maski isiyo sahihi. Ruta ikiandikiwa 255.255.255.0 badala ya 255.255.255.248, hudhani wateja jirani wako kwenye kiungo chake na hushindwa kuwasiliana nao, ingawa intaneti nyingine yote inapatikana.

Upimaji

Vipimo vya kuaminika hufanywa kutoka nje. Njia rahisi ni kutumia simu iliyozimwa Wi-Fi, ikiwa kwenye data ya kampuni ya simu, na kuijaribu kila anwani peke yake. Kisha kutoka kila seva hufunguliwa tovuti inayoonyesha anwani ya mtembeleaji, ili kuhakikisha kuwa seva inatoka kwa anwani iliyokusudiwa. Mwisho hujaribiwa milango inayopaswa kuwa imefungwa. Upimaji unaoishia kwenye vinavyopaswa kufunguka haujakamilika. Usanidi uliokubaliwa huhifadhiwa nakala, pamoja na orodha ya anwani na kazi ya kila moja.

IPv6

Katika IPv6 anwani ina biti 128, na mtandao mmoja wa nyumbani kwa kawaida huwa na anwani 2 kipeo cha 64. Kila kifaa kinaweza kupata anwani yake ya umma, na tatizo la kugawana anwani chache huondoka. Jambo la tatu lililotajwa mwanzoni hubaki vilevile: bila ukuta wa moto kwenye ruta, kila kifaa kinaweza kubishiwa hodi kutoka popote duniani. Kwa kuwa sehemu ya intaneti bado inategemea IPv4 peke yake, anayeendesha seva nyumbani kwa kawaida huhitaji zote mbili kwa pamoja.

Tazama pia

- Anwani ya IP
- DNS
- Intaneti
- Seva